Mboga za Machi Ziliwe Agosti



Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Usemi huo ni wa kweli kwa fedha. Lakini mboga huoza. Nyanya huoza. Embe huoza. Mtu akitaka mboga iwe akiba, lazima aifanyie kazi mapema, kabla haijaoza. Kazi hiyo ndiyo nataka tuizungumze leo.

Mimi nafanya kazi ya elimu ya watu wazima katika vijiji vya Mkoa wa Dodoma. Nina cheti cha kazi hii. Nimefundisha madarasa ya kisomo kwa miaka kadhaa. Haya ninayoandika ni maoni yangu. Una haki ya kuyakataa. Lakini yasome kwanza mpaka mwisho, kisha mjadiliane na wenzako darasani.

Maoni yangu ni haya: Bustani isiyo na akiba ni nusu ya bustani. Sisi watumishi tunawahimiza watu kupanda. Tunasahau kuwahimiza kuhifadhi. Kwa hiyo mboga zinajaa kwa miezi michache, kisha zinakwisha zote kwa pamoja.

1. MACHI NA AGOSTI

Hapa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza mwezi Desemba na kwisha mwezi Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka mvua nyingine.

Tazama kijiji mwezi Machi. Kila nyumba ina kunde. Majani ya maboga yametambaa mpaka njiani. Mlenda umejiotea wenyewe. Mgagani umejiotea wenyewe. Mwenye bustani ana mchicha, nyanya na bamia. Ukipeleka mboga gulioni, unarudi nazo. Nani atanunua wakati kila mtu anazo kwake? Nyanya zinaiva kwa siku moja, na zinaoza kwa siku moja.

Sasa tazama kijiji hicho hicho mwezi Agosti. Ardhi imepasuka. Mashina ya kunde yameliwa na mbuzi. Bustani imekuwa uwanja wa kuku. Fungu dogo la mchicha linatoka mbali, na bei yake inamshinda mama mwenye watoto watano. Siku nyingi watu wanakula ugali kwa kitu chochote kilichopo.

Watu ni wale wale. Ardhi ni ile ile. Tofauti ni miezi mitano tu. Je, ni lazima iwe hivyo? Mimi nasema si lazima. Na niliyenifundisha jibu hili si chuo. Ni mwanafunzi wangu mwenyewe.

2. KOSA LANGU

Mwaka 2019 nilianzisha bustani ya darasa katika kijiji kimoja. Nilileta mbegu za chainizi, karoti na nyanya. Tulipima matuta kwa hatua. Tuliandika majina ya mboga kwenye vibao ili wanafunzi wapate mazoezi ya kusoma. Bustani ilistawi. Viongozi walikuja kuitazama. Nilifurahi sana.

Katika darasa lile alikuwepo mama mmoja mtu mzima, umri wake unapita miaka 60. Mwezi Januari alikuwa bado hawezi kuandika jina lake. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, hizi kunde tunakausha lini?"

Nilimjibu kwa haraka. Nilisema, "Mama, mambo ya kukausha majani ni ya zamani. Sasa tunataka watu wale mboga mbichi." Wanafunzi wengine wakacheka. Yule mama akanyamaza.

Mwezi Machi mboga za bustani yetu zilizidi. Nyingi tuliwapa mbuzi. Mwezi Juni kisima kilipungua, na tukaacha kumwagilia. Mwezi Julai bustani ilikufa. Vibao vya majina vilibaki vimesimama kwenye udongo mkavu. Kibao kinasema MCHICHA, na mchicha haupo.

Mwaka ule mke wangu alikuwa mjamzito. Mwezi Septemba alikwenda kliniki. Akapimwa, akaambiwa damu yake ni pungufu. Akapewa vidonge vya kuongeza damu. Akashauriwa pia ale mboga za majani kila siku. Nikatoka kutafuta mboga. Nilizunguka kijiji kizima, sikupata. Mimi, mwalimu wa bustani, nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Habari za kijijini hazikai. Jioni yule mama alikuja nyumbani. Mke wangu akamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akatoa kopo ndani ya kanga. Lilikuwa limejaa majani ya kunde makavu. Juu ya kopo kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa uji wa unga. Ameandika kwa mkono wake: KUNDE APRILI.

Nilimshukuru. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyomwambia darasani. Hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, wewe ulitufundisha kupanda. Na sisi tungekufundisha kutunza. Lakini hukutuuliza."

Sisemi kwamba kopo lile peke yake lilimponya mke wangu. Alimeza vidonge vya kliniki kila siku kama alivyoagizwa. Mjamzito yeyote afanye hivyo. Lakini kuanzia siku ile mboga za majani hazikukosekana mezani kwetu mpaka mvua ziliponyesha. Mtoto alizaliwa salama.

Nimeandika kosa langu hapa ili mtumishi mwingine asilirudie.

3. "MBOGA KAVU NI CHAKULA CHA MASKINI"

Watu wengi husema hivyo. Hata mimi niliwahi kufikiri hivyo. Mgeni akija, tunaficha mlenda mkavu, tunakimbilia dukani. Vijana wakirudi kutoka mjini wanaucheka.

Hebu tufikiri. Mzungu hukausha zabibu, na sisi tunazinunua dukani kwa bei kubwa. Dagaa ni samaki waliokaushwa, na hatuwaonei haya. Majani ya chai yamekaushwa. Mahindi na maharage tunayakausha kabla ya kuyaweka ghalani. Kwa nini basi jani la kunde likikaushwa liwe aibu?

Wazee wa nchi hii hawakuwa wajinga. Wagogo wamekausha mlenda na majani ya kunde tangu zamani, kwa sababu kiangazi cha hapa ni kirefu. Wasukuma hukausha viazi vitamu wakapata michembe. Walijua kwamba mvua haiji kila mwezi, lakini tumbo linataka chakula kila siku. Hiyo ni elimu, hata kama haikuandikwa kitabuni.

Yule mama aliniambia jambo lingine. Mwaka 1975 alikuwa msichana. Mwaka huo kulikuwa na kampeni ya Chakula ni Uhai katika Tanzania nzima. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatenda. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1973, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Yeye alikaa na kikundi akasikiliza, lakini kusoma hakupata nafasi ya kujifunza. Anakumbuka kikundi kilikubaliana kwamba kila nyumba iwe na bustani. "Wengi tulipanda," alisema. "Walioendelea ni wale waliojua kuweka akiba." Maneno hayo nimeyashika.

4. NINI KINABAKI, NINI KINAPOTEA

Tuseme ukweli wote. Mboga ikikaushwa, haibaki kama ilivyokuwa bichi. Kuna kinachobaki na kuna kinachopotea.

Madini ya chuma hubaki. Madini haya husaidia mwili kutengeneza damu. Protini hubaki pia.

Vitamini A hubaki ikiwa umekausha vizuri. Vitamini hii hulinda macho na husaidia mwili kupigana na maradhi. Mtoto akiikosa sana, hushindwa kuona jioni, na anaweza kupofuka. Ndiyo maana watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 hupewa matone ya vitamini A mara 2 kwa mwaka. Usiache kumpeleka mtoto wako. Lakini matone hayazuii kula mboga.

Jua kali ni adui wa vitamini A. Jani likianikwa juani siku nzima hupauka. Rangi yake ya kijani inakwenda, na vitamini A nyingi inakwenda pamoja nayo. Hapa ndipo tunapokosea sana. Tunaanika juu ya mwamba au juu ya bati, penye jua la saa saba mchana. Mboga inakauka upesi, lakini faida yake imepungua.

Methali yetu inasema, "Mchumia juani hulia kivulini." Mimi naongeza: mboga ichume juani, lakini ikaushe kivulini.

Vitamini C hupotea kwa sehemu kubwa. Hiyo tutaipata katika matunda kama mapera, mapapai, machungwa, malimau na ubuyu. Kwa hiyo mboga kavu haiondoi haja ya matunda. Tena tunda bichi likiliwa pamoja na mboga ya majani, husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai hufanya kinyume. Usinywe chai pamoja na chakula chako cha mboga. Ngoja kidogo.

5. NAMNA YA KUKAUSHA MAJANI

Kwanza tengeneza kichanja. Chimbia miti minne, weka fito juu, urefu wa kiunoni. Chagua mahali penye kivuli na upepo. Juu yake tandika mkeka safi au wavu safi. Angalia: usitumie chandarua cha mbu chenye dawa. Dawa ile ni ya kuua wadudu, si ya kugusa chakula.

Kisha fuata hatua hizi:

Hatua ya 1. Chuma majani asubuhi, umande ukishakauka. Chagua yaliyo machanga na mazima. Yenye madoa yaache.

Hatua ya 2. Osha kwa maji safi. Ondoa vijiti vigumu.

Hatua ya 3. Chemsha maji katika sufuria. Tia chumvi kidogo. Tumbukiza majani kwa dakika 2 au 3, kisha yaopoe. Usiyaache yakaiva. Maji haya ya moto husaidia rangi na vitamini A zisipotee upesi wakati wa kukaa ghalani.

Hatua ya 4. Chuja maji yote. Tandaza majani juu ya kichanja. Yasilundikane.

Hatua ya 5. Funika kwa kitambaa chepesi ili kuzuia nzi na vumbi. Geuza majani mara 2 au 3 kwa siku. Jioni yaingize ndani yasipate umande. Mvua ikitishia, yaingize pia.

Hatua ya 6. Hali ya hewa ikiwa nzuri, siku 2 au 3 zinatosha. Kunja jani mkononi. Likivunjika kama karatasi kavu, liko tayari. Likikunjika bila kuvunjika, bado.

Hatua ya 7. Acha majani yapoe. Yaweke katika chombo kikavu chenye mfuniko unaobana. Kopo, ndoo ndogo au kibuyu kilichokaushwa vinafaa. Weka mahali pakavu penye giza.

Usianike chakula chini kwenye udongo. Chini kuna unyevu, mavi ya kuku na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu. Sumu ile ilikuwa katika mahindi yaliyoota ukungu. Basi tujifunze. Chakula chochote cha akiba kikiota ukungu, usikioshe ukakila. Usimpe kuku wala mbwa. Kifukie.

Siku ya kupika, loweka majani kwanza katika maji safi kidogo. Pika kwa maji hayo hayo. Tia karanga zilizopondwa au mafuta ya alizeti kidogo. Kufanya hivyo si kwa ajili ya utamu tu. Mwili hauwezi kupokea vitamini A vizuri bila mafuta.

6. MATUNDA

Embe nalo linaweza kukaushwa. Chagua embe lililoiva lakini bado gumu kidogo. Osha mikono, kisu na embe. Menya. Kata vipande vyembamba, unene kama wa kidole kidogo cha mtoto au pungufu. Tandaza juu ya kichanja safi, vipande visigusane. Funika kwa kitambaa. Vikiwa vikavu hukunjika kama ngozi, na ukivibana havitoi maji. Watoto huvipenda kuliko pipi, na meno yao yaoshwe baadaye kama kawaida.

Miti mingine inatusaidia yenyewe. Ubuyu na ukwaju hukaukia mtini. Ukiviweka mahali pakavu, hukaa miezi mingi. Kuviokota na kuvitunza ni kuweka akiba pia.

Mpapai haupendi kungoja msimu. Ukipata maji utakupa matunda karibu mwaka mzima. Panda mipapai miwili au mitatu karibu na bafu ya kuogea. Maji ya kuoga yatainywesha.

Naomba niseme onyo moja. Watu wengine hutia mboga katika chupa yenye maji, wakafunga kizibo, wakiweka wiki nyingi. Usifanye hivyo. Ndani ya chupa iliyofungwa hivyo inaweza kutokea sumu kali isiyo na harufu. Sumu hiyo huua. Kwa nyumba zetu za kijijini, njia iliyo salama na rahisi ni kukausha.

7. MAJI YAKO WAPI, NA NANI ATAYABEBA?

Katika darasa lingine mzee mmoja alinisimamia. Alisema, "Mwalimu, maji ya kunywa yenyewe hatuna. Wewe unatuambia tumwagilie mchicha?"

Mzee yule alisema kweli. Mahali penye shida ya maji, huwezi kuwaambia watu wamwagilie bustani kubwa kiangazi chote. Hii ndiyo sababu nyingine ya kukausha. Jani lililokaushwa mwezi Aprili limekwisha kunywa maji ya mvua. Mwezi Agosti halihitaji hata kata moja ya kumwagilia.

Hata hivyo, nyumba nyingi zinaweza kuwa na bustani ndogo sana kiangazi. Chukua kiroba au gunia. Lijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Katikati weka kokoto, maji yapate njia ya kushuka. Toboa matundu ubavuni. Panda mchicha, sukuma wiki au matembele juu na katika matundu. Gunia moja halitaki maji mengi. Maji ya kuoshea mboga na ya kunawia mikono yanatosha kulisaidia. Maji yenye sabuni nyingi usiyamwage kwenye mboga.

Ukilima tuta, usiliinue juu wakati wa kiangazi. Lichimbe chini kidogo kama bakuli, maji yasikimbie. Kisha tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Nyasi huzuia jua lisinyonye maji.

Sasa swali gumu: nani atafanya kazi hii?

Mimi ni mwanamume, na nataka kusema na wanaume wenzangu. Mara nyingi tunasema, "Mboga ni kazi ya mama." Mama analima shamba. Mama anateka maji. Mama anasaga, anapika, analea. Tukimwongezea kuchuma, kuchemsha, kuanika na kumwagilia, tunampa mzigo usiobebeka. Halafu mboga ikikosekana, sisi ndio wa kwanza kununa.

Ndugu zangu, kichanja ni kazi ya mwanamume. Kuchimba, kukata fito na kufunga kamba ni kazi tunazozijua. Kubeba maji kwa baiskeli au punda si aibu. Kugeuza majani juu ya mkeka hakupunguzi ndevu za mtu. Ukitaka kula mboga mwezi Agosti, fanya kazi mwezi Aprili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

8. KALAMU YAKO IFANYE KAZI

Watu wengine huuliza, "Nimejifunza kusoma na kuandika. Sasa nitaandika nini?" Andika juu ya kopo lako. Andika jina la mboga na mwezi uliokausha. Yule mama alifanya hivyo kabla ya mtu yeyote kumfundisha. Kopo la zamani litumike kwanza, jipya lisubiri. Ukiwa huna alama, utafungua jipya na kusahau la zamani mpaka liharibike.

Tumia hesabu pia. Hebu tukadirie pamoja. Chukua nyumba ya watu 6. Miezi ya shida ni kuanzia Juni mpaka Novemba. Hiyo ni wiki 26 hivi. Kama mtapika mboga kavu mara 2 kila wiki:

26 × 2 = 52.

Mtapika mara 52. Tuseme kila mara mnatumia kikombe kimoja cha majani makavu yaliyopondwa. Mnahitaji vikombe 52. Ndoo ndogo ya lita 5 huingia vikombe 20 vya robo lita. Basi ndoo 2 ni vikombe 40, hazitoshi. Ndoo 3 ni vikombe 60. Zinatosha, na mgeni atapata.

Ndoo ndogo tatu! Si ghala. Si mradi wa kungoja fedha za mfadhili. Ni ndoo tatu pembeni mwa nyumba. Lakini kumbuka, majani mabichi yana maji mengi. Kilo 10 za majani mabichi hutoa kama kilo moja tu ya majani makavu. Kwa hiyo usichume siku moja ukachoka ukaacha. Kausha kidogo kidogo kila wiki, kuanzia Machi mpaka Mei. Haba na haba hujaza kibaba.

9. TUFANYE NINI?

Natoa mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa madarasa ya kisomo. Kila darasa lenye bustani liwe na kichanja. Kabla ya mwezi Mei kwisha, kila mwanafunzi awe na kopo moja lenye jina la mboga na mwezi. Kopo hilo liwe jaribio lake la kuandika.

La pili ni kwa watumishi wenzangu. Tukiingia kijijini, tusianze kwa kutoa mbegu. Tuanze kwa kuuliza: wazee wa hapa walihifadhije mboga? Tutakayoyasikia tuyaongezee elimu ya leo. Wao wanajua kukausha. Sisi tunajua habari ya vitamini na kivuli. Vitu hivi viwili vikikutana, kijiji kitafaidika. Kama mmoja atamcheka mwenzake, hakuna atakayefaidika.

La tatu ni kwako wewe unayesoma. Usingoje darasa wala mtumishi. Leo jioni tazama nje ya nyumba yako. Kuna mboga gani inayozidi na kuoza? Anza na hiyo.

Najua wengine watasema ninarudisha watu nyuma. Sivyo. Napenda mboga mbichi. Zinapokuwepo, zile kwa wingi. Lakini mwezi Agosti mtoto hawezi kula mboga tuliyomtupia mbuzi mwezi Machi. Atakula tuliyoitunza.

Yule mama sasa anasoma vizuri. Nyumbani kwetu kuna rafu ya makopo, na kila kopo lina karatasi yake. La kwanza katika rafu ni lile alilotupa yeye. Tumelijaza tena kila mwaka. Maandishi yake bado yanasomeka.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chenu, mboga gani huzidi wakati wa mvua? Gani hukosekana kiangazi?
2. Wazee wa kwenu walihifadhi vyakula gani, na kwa njia gani?
3. Kwa nini si vizuri kuanika majani ya mboga kwenye jua kali?
4. Nyumba yenu ina watu wangapi? Fanyeni hesabu: mnahitaji ndoo ngapi za mboga kavu?
5. Mwandishi anasema wanaume washiriki kazi ya mboga. Mnakubali au mnakataa? Toeni sababu.
6. Mwandishi alikosea wapi alipomjibu yule mama? Wewe ungemjibuje?

MANENO MAPYA

Kichanja: meza ya fito ya kuwekea au kuanikia vitu.
Kuopoa: kutoa kitu ndani ya maji.
Samadi: mavi ya mifugo yanayotumika kama mbolea.
Sumukuvu: sumu inayotokana na ukungu katika chakula.
Kupauka: kupoteza rangi.